Kabla Hujakubali Kompyuta Ipigwe Fomati

Ustadh mmoja wa madrasa mtaani kwetu alinijia baada ya swala ya laasiri. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa imefungwa shuka nyuma ya tuktuk.

"Mwanangu," akaniambia, "bando la wiki nzima limekwisha kwa usiku mmoja, na wallahi sikufungua hata video moja. Nikanunua jingine. Kompyuta ikaniambia nisasishe, nikakubali, stima ikapotea katikati. Sasa haikubali kuweka programu yoyote. Fundi ameniambia dawa yake ni fomati tu."

Nikamuuliza, "Ustadh, mna nini ndani?"

"Daftari la wanafunzi la miaka minne. Alama zao za mitihani. Hesabu ya michango ya wazazi."

"Na nakala nyingine iko wapi?"

Akanyamaza.

Kompyuta ile ilikuwa ya Linux, na intaneti yake ilitoka kwa kijiti cha modemu. Nimeandika haya kwa sababu yeye si wa kwanza. Tangu Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta kuukuu wengine wamehamia Linux, hasa Ubuntu na Linux Mint. Ni hatua nzuri, maana ni mifumo ya bure na haihitaji mashine ya kifahari. Lakini imetengenezwa na watu ambao aghalabu wana intaneti isiyokatika na isiyopimwa. Sisi nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, na bado majumbani wengi tunaishi kwa bando.

Ninalotaka kusema ni moja: modemu ikikataa, au masasisho yakikwama, karibu kila mara pana sababu ndogo inayoweza kutafutwa hatua kwa hatua. Fomati haitafuti sababu. Hufuta kila kitu, na kosa lile lile hurudi mwezi ujao.

Tenganisha mambo mawili

Mtu akisema "haisasishi" huwa amechanganya mambo mawili. Huenda intaneti haifiki. Au intaneti inafika, lakini kazi ya kusasisha yenyewe imekwama. Dawa ya moja haiponyi nyingine. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nasi turudi ngamani: tuanze chini, kwenye kijiti chenyewe, kisha tupande.

Amri nitakazotaja huandikwa kwenye terminali, lile dirisha jeusi linalofunguka ukibonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Usiliogope. Baadhi ya amri hapa ni za kuuliza tu. Zile zinazoanza na "sudo" huweza kubadilisha kitu, na hutaka nywila yako. Huenda usione chochote unapoandika nywila hiyo, kwa hiyo usidhani kibodi imekufa.

Hatua ya 1: Je, kompyuta imekiona kijiti?

Kabla ya lolote, chomoa laini kwenye modemu uitie kwenye simu. Zima Wi-Fi ya simu ufungue ukurasa wowote. Usipofunguka, tatizo ni bando au laini, na kompyuta haina kosa. Jaribio hili huchukua dakika mbili na limeokoa safari nyingi za kwa fundi.

Laini ikiwa nzima, irudishe kwenye modemu, chomeka, kisha andika:

lsusb

Utaona orodha ya vitu vilivyochomekwa, kila kimoja na nambari yake. Modemu za Huawei huanza na 12d1, za ZTE huanza na 19d2. Usipoona chochote kinachofanana na modemu, badilisha tundu la USB. Modemu hula umeme mwingi inapotafuta mnara, na tundu la mbele la kompyuta ya mezani au waya mrefu wa kurefushia huweza kuupunguza. Tumia tundu la nyuma, bila kiunganishi cha kati.

Sasa hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Kijiti cha modemu kina nyuso mbili. Kikichomekwa mara ya kwanza hujitambulisha kama CD au flashi, kwa sababu ndani yake mna programu ya kusakinisha ya Windows. Baadaye ndipo hugeuka kuwa modemu. Kwenye Linux kazi ya kukigeuza hufanywa na programu iitwayo usb-modeswitch. Ukiona 12d1:1446 kwa Huawei, au 19d2:2000 kwa ZTE, na dakika nzima imepita bila nambari kubadilika, kijiti bado kimevaa uso wa CD. Kichomoe, hesabu hadi kumi, ukirudishe. Kikikataa, hakikisha programu hiyo ipo:

sudo apt install usb-modeswitch

Utasema, nitaipakuaje nami sina intaneti? Chukua simu yako ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huipokea mara moja, bila kusakinisha chochote.

Hatua ya 2: Je, modemu imepata mnara?

Kuna aina mbili za vijiti, na ni muhimu ujue chako ni kipi.

Aina ya kwanza ni modemu ya zamani, ambayo kompyuta ndiyo huipigisha simu. Kwa hii, andika:

mmcli -L

Itakupa nambari ya modemu, tuseme 0. Kisha uliza hali yake:

mmcli -m 0

Tafuta neno lililo mbele ya "state". Likiwa "locked", laini inataka PIN, na njia rahisi ni kuitia kwenye simu uiondoe PIN huko. Likiwa "searching", bado inatafuta mnara, basi isogeze karibu na dirisha. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, na chumba cha ndani huweza kuwa hakina mawimbi ya kutosha. Likiwa "registered", mnara umepatikana na kilichobaki ni kuunganisha. Ukiambiwa hakuna modemu kabisa ilhali lsusb inaionyesha, amsha upya programu inayoihudumia:

sudo systemctl restart ModemManager

Modemu ikishasajiliwa lakini haiunganishi, mshukiwa mkuu ni APN, yaani jina la lango ambalo data yako hupitia. Kwa Safaricom jina hilo ni safaricom, kwa herufi ndogo. Kwa mtandao mwingine, tia laini kwenye simu ya Android, fungua mipangilio ya mitandao ya simu, unakili APN iliyoandikwa hapo. Herufi moja ikikosewa au nafasi ikizidi, hupati kitu.

Aina ya pili ni modemu mpya zaidi, kama zile za Huawei ziitwazo HiLink. Hii hujipigia simu yenyewe. Kwa kompyuta huonekana kama waya wa kawaida wa mtandao, hata kwenye skrini huandikwa "Wired". Usitafute mahali pa kuandika APN kwenye Linux. Fungua kivinjari, andika 192.168.8.1, na ukurasa wa modemu yenyewe utafunguka. Mambo yote ya PIN, APN na nguvu za mawimbi yamo humo. Ishike vizuri tofauti hii, maana ndiyo iliyomaliza bando la ustadh, kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Je, intaneti inafika kweli?

Alama ya mtandao kuwaka hakumaanishi data inapita. Andika:

ping -c 3 1.1.1.1

Majibu yakirudi, njia iko wazi. Kisha jaribu kwa jina:

ping -c 3 ubuntu.com

Nambari ikijibu na jina lisijibu, kinachokosekana ni huduma ya kutafsiri majina kuwa nambari, yaani DNS. Katisha muunganisho uunganishe tena. Ikishindikana, fungua mipangilio ya muunganisho huo, sehemu ya IPv4, uandike 1.1.1.1 kwenye nafasi ya DNS.

Bando likikwisha, kampuni nyingine za simu haziikati data kabisa. Hukuelekeza kwenye ukurasa wa kununua bando. Kivinjari kitakuonyesha ukurasa huo nawe utaelewa. Lakini programu ya kusasisha haina macho. Iliomba orodha ya programu, ikaletewa tangazo la bando, ikalalamika kwa maneno ya kutisha, kama vile "Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT'". Maneno hayo yanamaanisha tu kwamba kilicholetwa sicho kilichoombwa. Angalia salio lako kabla ya kumwita mtu.

Hatua ya 4: Saa

Kompyuta kuukuu ina betri ndogo ya mviringo kwenye bodi yake, ya aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme umezimwa. Ikifa, saa hurudi nyuma kila stima inapopotea. Nayo programu ya kusasisha hukagua tarehe ili isiuziwe mbuzi kwenye gunia. Saa ikiwa nyuma, utaambiwa orodha "is not valid yet", yaani wakati wake haujafika. Kivinjari nacho kitakataa kurasa nyingi kwa madai kwamba si salama.

Andika timedatectl uone saa na tarehe. Zikiwa si sahihi, ruhusu kompyuta ijirekebishe kwa intaneti:

sudo timedatectl set-ntp true

Kisha nunua betri hiyo. Ni kitu kidogo, na duka lolote la saa huwa nayo.

Hatua ya 5: Sasa masasisho yenyewe

Hapa kuna amri mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, sudo apt update, haisasishi kitu. Huleta orodha tu ya vilivyopo, kama mtu aliyekwenda sokoni kuuliza bei. Ya pili, sudo apt upgrade, ndiyo inayonunua na kubeba. Kabla haijaanza hukwambia itapakua MB ngapi na kukungojea uandike Y. Soma tarakimu hiyo ulinganishe na bando lako.

Makosa utakayokutana nayo mara nyingi ni haya:

"Could not get lock". Kuna programu nyingine inasasisha wakati huo huo, aghalabu ile inayojiendesha yenyewe chinichini. Subiri robo saa. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ufute faili la kufuli. Usifuate. Kufuli lile liko pale ili watu wawili wasijenge ukuta mmoja kwa vipimo viwili.

"dpkg was interrupted". Stima ilipotea au mtu alizima kompyuta katikati ya kusakinisha. Programu zimebaki nusu ndani, nusu nje. Dawa yake ni amri mbili, moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a

sudo apt --fix-broken install

"Hash Sum mismatch". Faili limefika likiwa na kasoro, au orodha uliyonayo imepitwa. Safisha, kisha leta orodha upya:

sudo apt clean

sudo apt update

"No space left on device". Diski imejaa. Andika df -h uone ni sehemu gani imefika asilimia 100. Ikiwa ni /boot, imejazwa na matoleo ya zamani ya kiini cha mfumo, na sudo apt autoremove huyaondoa yasiyohitajika.

"404 Not Found" kwa karibu kila kitu, ilhali ubuntu.com inajibu. Toleo lako huenda limezeeka na kuondolewa kwenye ghala la kawaida. Matoleo ya Ubuntu yenye alama ya LTS hupewa masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Yale mengine hupewa miezi 9 tu. Kwa mwenye bando, ushauri wangu ni LTS peke yake.

Bando likikatika wakati wa kupakua, usivunjike moyo. Yaliyokwisha kushuka hayapotei. Ukirudia amri ile ile, apt huendelea ilipoishia.

Nani alikula bando la ustadh?

Linux ina desturi ya kuangalia kama mtandao ni wa kupimwa. Ikijua kwamba unalipia kila MB, programu ya kusasisha yenyewe chinichini hujizuia. Kwa modemu ya aina ya kwanza, hukisia kwamba ndivyo ilivyo. Lakini modemu ya HiLink imejifanya waya. Kompyuta ikaona waya, ikadhani iko ofisini kwenye intaneti isiyokwisha, ikapakua usiku kucha. Hakuna mwizi wala kirusi. Haikuambiwa tu.

Basi iambie. Fungua mipangilio ya mtandao, bofya muunganisho huo, na kwenye maelezo yake weka alama penye "Metered connection". Ukipenda terminali, kwanza tafuta jina la muunganisho wako:

nmcli connection show

Kisha, kama jina ni "Wired connection 1":

nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes

Kata muunganisho uunganishe tena ili ikolee.

Watumiaji wa Ubuntu wana jambo la ziada. Tangu toleo la 22.04, kivinjari cha Firefox huja kwa mfumo uitwao snap, ambao una njia yake ya kujisasisha na hukagua mara 4 kwa siku. Nao uzuie kwenye mtandao wa kupimwa:

sudo snap set system refresh.metered hold

Kuzuia huku si kuacha kusasisha. Masasisho mengi ni ya kuziba mianya ambayo wahalifu huitumia kuingilia akaunti za watu, na kompyuta ya madrasa yenye majina ya watoto inastahili kulindwa kama ya benki. Kinachotakiwa ni wewe uchague wakati. Ikiwa una bando la usiku lenye bei nafuu, pakua usiku bila kusakinisha:

sudo apt update

sudo apt upgrade --download-only

Asubuhi, ukiwa macho na stima imetulia, andika sudo apt upgrade. Kwa sehemu kubwa vitu vitakuwa vimeshashuka na kazi itakayobaki ni kusakinisha. Kwa njia hii umetenganisha hatari mbili, ya bando na ya stima. Mwenye kompyuta ya kubebeka aijaze chaji kwanza. Mwenye ya mezani asianze kazi hii siku ambayo stima inakwenda na kurudi.

Na madrasa au shule yenye kompyuta kadhaa haina haja ya kupakua kitu kile kile mara tano. Programu iitwayo apt-cacher-ng huwekwa kwenye kompyuta moja, ikaweka akiba ya kila kilichopakuliwa, nazo nyingine zikaelekezwa kuchukua hapo. Bando la mmoja huhudumia wote.

Nakala kwanza

Kompyuta ya ustadh ilipona kwa zile amri mbili za dpkg na apt. Kabla ya kahawa kupoa ilikuwa imemaliza kujipanga. Lakini sikuanza na amri hizo. Nilianza kwa kuliweka daftari la wanafunzi kwenye flashi mbili, moja akaondoka nayo, nyingine akampa mwalimu mwenzake. Hata mfumo ungekataa kuwaka, bado ingewezekana: unawasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, unachagua kujaribu bila kusakinisha, unafungua diski na kunakili mafaili yako.

Wako mafundi wazuri, na ipo siku fomati ni lazima, hasa diski yenyewe inapokufa. Lakini fundi akikwambia fomati, muulize maswali mawili. La kwanza: kosa lenyewe linasemaje, neno kwa neno? La pili: mafaili yangu umeyanakili wapi? Akishindwa kujibu la kwanza, hajatafuta sababu. Akishindwa kujibu la pili, beba kompyuta yako urudi nayo nyumbani.